Bibi Zangu Sasa Wanasema Kipare

Kabla sijahamia Gdańsk, kaskazini mwa Poland, hadithi zangu zilikuwa za Kiswahili kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho. Bibi zangu wa Upareni, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, niliwasemesha sanifu kama watangazaji wa redio. Hakuna aliyelalamika. Ndivyo tulivyofundishwa.

Aliyenibadilisha ni mwandishi Anna Łajming. Alizaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Przymuszewo, wakati Ukashubi, eneo la karibu na Gdańsk, ukiwa bado chini ya Wajerumani. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa 1958, naye ana miaka 54 (mimi wakati namsoma nilikuwa na arobaini na kitu, tayari najiita mzee). Nilimsoma kwa Kipolandi changu cha kuombea maji. Msimulizi wake anatumia Kipolandi, lakini mhusika akifungua mdomo, awe mama anayegomba au majirani wanaosengenyana, kinachotoka ni Kikashubi cha kusini, kile kile alichokulia mwandishi. Na wakati huo wengi, wasomi wakiwemo, walikihesabu kuwa lahaja tu ya Kipolandi. Sheria ya kukitambua kama lugha ya kieneo ilipitishwa Januari 2005. Łajming alikuwa amefariki Julai 2003.

Fasihi ya Kikashubi ilianzishwa na wanaume: Ceynowa, Derdowski, kisha Majkowski na riwaya yake ya Remus. Walikuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba Wakashubi ni watu wenye historia yao. Łajming hakuthibitisha chochote, alikaa na watu akawasikiliza. Kwa maoni yangu anawajua kuliko Majkowski, ingawa Majkowski ndiye anayetangulizwa kila mahali. Baada ya Łajming wamekuja wanawake waliokwenda mbali zaidi. Hanna Makurat anatunga mashairi kwa Kikashubi, na 2016 alichapisha sarufi ya lugha hiyo.

Mimi sijafika huko. Bado nasimulia kwa Kiswahili, ila bibi zangu sasa wanasema Kipare. Mhariri mmoja aliniuliza msomaji wa Lamu ataelewaje. Nikamwachia aya tatu za Kipare bila maelezo pembeni. Mbili akazifuta, akabakiza ile ya bibi akimfokea karani wa kodi, enzi za mgogoro wa mbiru, Wapare walipoipinga kodi hiyo wakati wa ukoloni.