Nondo wa Mchana Katika Uchochoro wa Kariakoo

Ukifika Dar es Salaam mara ya kwanza, wenyeji watakuonyesha vitu vikubwa. Watakuonyesha bahari na meli. Watakuonyesha magorofa na treni ya umeme. Mimi leo nataka kukuonyesha kitu kidogo. Ni mdudu. Akitandaza mabawa yake, upana wake hauzidi urefu wa kidole chako cha kati. Nilimwona Kariakoo, mahali ambapo watu hutazama bei tu.

Kwanza uijue Kariakoo yenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walichukua Waafrika wengi sana wawe wapagazi wa jeshi. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam, na wapagazi wakawekwa mahali hapa. Jina la kikosi chao lilikuwa la Kiingereza. Wenyeji walilitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo. Wapagazi wengi walikufa vitani kwa njaa na maradhi. Jina lao limebaki sokoni.

Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la zege, na limejengwa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika ndani ya miavuli hiyo. Julai 2021 moto uliunguza jengo hilo. Baadaye Serikali ililikarabati, na jengo jingine jipya likajengwa kando yake.

Sisi wakulima tuna mambo mawili Kariakoo. La kwanza ni mazao yetu, ambayo huuzwa huko. Mimi ni bwana shamba katika Mkoa wa Dodoma, na zabibu za kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Husafiri zaidi ya kilomita mia nne hadi Dar es Salaam, na hapo utaziona zikiuzwa kando ya barabara. Jambo la pili ni pembejeo. Karibu na soko kuna maduka ya mbegu, mabomba ya kunyunyizia, na dawa za wadudu za kila aina.

Nilikwenda huko mwezi wa nne kununua salfa kwa ajili ya mizabibu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nilikata njia kupitia uchochoro mmoja nyuma ya maduka. Hapo imebaki nyumba ya zamani, ya chini, yenye ua. Kila upande wake kuna gorofa. Ukuta wa ua umefunikwa na mmea unaotambaa. Majani yake ni ya mviringo, mazito, yana maji ndani. Mkulima wa zabibu akitazama vikonyo vyake vinavyojisokota, atamjua mara moja. Huyo ni ndugu wa mzabibu. Mimea ya jamii hiyo huota yenyewe pwani na bara, porini na kwenye nyua.

Juu ya mmea huo alikuwa akiruka mdudu mzuri kuliko wote niliowaona mwaka huo. Mabawa yake ya mbele ni meusi, yana mabaka ya rangi ya maziwa. Mabawa ya nyuma ni mekundu kama kaa la moto, yana ukingo mweusi. Mchana kweupe, saa nne asubuhi, anaruka bila haraka.

Utasema ni kipepeo. Hapana, huyo ni nondo. (Lakini Kariakoo usiulize habari za nondo. Watakupeleka Gerezani kwenye maduka ya vyuma.) Nondo ninayemsema ni ndugu wa wale wanaozunguka taa yako usiku. Mtazame anapotua. Vipepeo wengi hutua na kusimamisha mabawa yao pamoja juu ya mgongo. Huyu huyalaza juu ya mwili, kama paa la nyumba. Wataalamu humwita Heraclia superba. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni mwenye fahari.

Kwa nini haogopi mchana? Mdudu anayeliwa ovyo na ndege hujificha. Huvaa rangi ya gome au ya majani makavu. Mdudu mwenye rangi kali mara nyingi anasema, "Usinile, mimi si mtamu." Ndege akishaonja mmoja, humkumbuka. Huko Marekani kuna nondo wa ukoo huu huu. Ni mweusi, ana madoa manane, manne ya manjano na manne meupe. Naye huruka mchana, na watoto wake hula majani ya mzabibu.

Watoto wa nondo ni viwavi. Nilivyoinama nikawaona, kama kumi hivi, wana mapete meusi na meupe na rangi ya machungwa. Walikuwa wakitafuna majani kwa bidii.

"Shikamoo, bibi," nilimsalimu mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Marahaba, baba. Unawatazama maadui zangu?"

"Ninawatazama, bibi. Wamekukosea nini?"

"Wanamaliza majani yangu. Majani haya ndiyo kivuli cha ua. Leo nimewanunulia dawa."

Akanionyesha. Ilikuwa chupa ya soda, nusu imejaa maji meupe kama tui. Haikuwa na kibandiko. Haikuwa na jina, wala kipimo, wala neno hata moja. Chini ya ukuta kuku wake walikuwa wakidonoa. Wajukuu wawili walicheza hapo hapo, na mmoja alikuwa na umri wa kutia kila kitu mdomoni.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoacha haraka yangu nikakaa. Nilimwambia bibi kwamba dawa isiyo na kibandiko haifai kuingia katika nyumba ya mtu, na kwamba chupa ya soda humdanganya mtoto. Kisha tulihesabu pamoja. Viwavi kumi, na majani hayahesabiki. Mimea ya namna hii huchipua upesi wakati wa mvua. Bibi alicheka. Akasema kumbe anapigana vita na watu kumi. Aliokota sita kwa kijiti, wale waliokuwa juu ya mlango, akawapa kuku. Kuku mmoja alimdonoa kiwavi akamtema. Wanne waliobaki aliwaacha. Chupa tuliifunga, tukairudisha dukani.

Sasa nasema na wewe mwenye mizabibu. Viwavi hawa waweza kuja shambani kwako. Mzabibu mkubwa wenye afya hauumizwi na majani machache yaliyotafunwa. Sisi wenyewe hupunguza majani ili hewa na jua vifikie vishada. Mzabibu mchanga ni jambo jingine. Una majani machache, basi okota viwavi kila asubuhi kwa mkono. Usimchanganye kiwavi huyu na yule mnene mwenye pembe mkiani na madoa kama macho. Yule ni mtoto wa nondo mwingine anayeruka usiku, naye hula sana.

Adui mkubwa wa zabibu ni ubwiri unga, ule ugonjwa unaofunika majani na matunda kama vumbi jeupe. Fedha yako iweke huko, kwenye salfa. Na dawa yoyote unayonunua, iwe katika chombo chake cha asili. Wewe sasa unajua kusoma. Soma kibandiko. Tafuta mahali palipoandikwa ni siku ngapi zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna, uzihesabu. Zabibu unayokata leo kesho kutwa iko mkononi mwa mtoto Kariakoo, na mara nyingi huliwa bila kuoshwa.

Cheti changu cha kilimo kilinifundisha majina ya wadudu waharibifu wengi. Hakikunifundisha hata mmoja wa kutazamwa tu. Nadhani huyu anastahili nafasi hiyo. Mjini nafasi yake inapungua. Nyumba za chini zenye nyua zinabomolewa, na ukuta mpya wa saruji haushiki mmea.

Ukitaka kumtafuta, nenda baada ya mvua, jua likiwa limepanda. Toka sokoni ushike Mtaa wa Uhuru, upite Mnazi Mmoja, kisha uifuate Barabara ya Samora mpaka karibu na Makumbusho ya Taifa. Hapo pana Bustani ya Mimea. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribu mazao ya biashara, na miti mingine ina kivuli kizuri. Tazama kwenye maua na kwenye mimea inayotambaa. Ukimwona ametua, usimkaribie kwa upande wa jua. Kivuli chako kikimgusa, ataruka.