Baba Yupi Yuko Mbinguni

Kwetu Matisi, hapa Kitale, kuna njia tatu za kuomba chini ya mabati yale yale. Wifi yangu ni Mkatoliki, na chakula hakiguswi kabla ya ishara ya msalaba. Mimi nimelelewa Friends, Quakers, wale ambao wamisheni wao walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambao leo wako wengi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote. Sisi hatubatizi kwa maji. Mama yangu pia ni Friends, lakini akiomba peke yake anamwita Mungu Wele Khakaba, Mungu mgawaji, jina ambalo Wabukusu walikuwa nalo kabla misheni yoyote haijafika.

Ndugu yangu alipofariki akamwacha mtoto wa miaka minne, nilidhani tutakosana juu ya ubatizo. Wapi. Shida ilitoka kwa neno moja dogo: baba.

Wakati wa matanga, kila jamaa aliyemshika mtoto kichwa alimwambia baba yake ameenda mbinguni. Na kila usiku mamake anamfundisha Baba Yetu, sala inayoanza kwa kumweka Baba huko huko mbinguni. Kijana akapiga hesabu yake. Siku moja akamaliza kuomba, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayepiga simu, "Na ukikuja uniletee viatu za mpira."

Wageni walisema, ona imani ya mtoto. Sisi tunaokaa naye hatukuweza kucheka, kwa sababu alikuwa anangoja viatu kweli.

Watu husema kufundisha mtoto mdogo dini ni kazi rahisi: wimbo wa kupiga makofi, picha ya safina, sala ya chakula, basi. Na si wazo geni kwamba kazi hiyo ni ya nyumbani. Kumbukumbu la Torati inataka wazazi wafundishe watoto wakiwa wameketi ndani na wakitembea njiani. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa katekisimu ndogo ili wenye nyumba wawafundishe walio chini yao. Lakini mafundisho hayo yanachukulia kwamba mtoto tayari anajua baba ni nani na yuko wapi.

Halafu likaja swali nililoliogopa. "Senge, baba ako mbinguni ama ako kwa shamba? Si tulimweka kwa shamba?"

Alikuwepo. Tulimzika nyumbani, upande wa Bungoma, karibu na migomba, na yeye akatupa mchanga wake kidogo kama sisi wote. Hakuna mtu angemwambia hakuona alichoona.

Mamake akajibu kwamba mwili umebaki, roho imeenda. Mafundisho hayo ni sawa kabisa, ila kijana akauliza kama roho inavaa viatu. Mimi nikasema tuache mbinguni kwanza, tumwambie tu kwamba baba alikufa. Wifi akanitazama. "Ukimwondolea mbinguni, usiku nitamwambia nini?" Nikanyamaza, maana niliona kwamba hiyo mbinguni haikuwa ya mtoto peke yake.

Kukhu hakubishana na yeyote. Mwezi wa nne mvua iliposhika, alimchukua mjukuu wake kwa kale kashamba nyuma ya nyumba wakapanda mahindi. Kila shimo lilikuwa na swali. Nani ametupa mvua? Wele. Nani ametupa mbegu? Wele. Hivyo hivyo kwa maziwa, kwa kuku, kwa mama. Siku kadhaa baadaye, mahindi yakiwa yameota, akamuuliza, "Na baba yako, nani alitupa?"

"Wele."

"Wele alitupa. Tukakaa naye, akafa. Harudi hapa. Wele ni yule aliyetupa yeye."

Mtoto akafikiri. "Na viatu?"

"Viatu tutanunua mimi na senge wako."

Tulinunua Jumamosi hiyo, sokoni. Baba Yetu haikubadilishwa hata neno moja, na mbinguni ya wifi yangu iko pale pale. Kilichobadilika ni kwamba kijana sasa anajua anaongea na nani.

Tangu hapo nayasikiliza maneno ya imani kabla sijamkabidhi. Mchungaji kwake ni yule mzee wa suti anayekuja na pikipiki, kwa hivyo kabla ya kumwambia Bwana ni mchungaji, ni lazima kwanza tukaone kondoo. Damu, kondoo, moto, ufalme: kila neno atalichukua vile lilivyo na kungoja litimie.

Pasaka itafika. Atasikia Yesu alitoka kaburini, na yeye anajua kaburi moja tu, lile la kando ya migomba. Ataniuliza kama baba pia atatoka, na lini. Mamake anasema tutamjibu ndiyo, bila kumpa tarehe. Kukhu anasema tumrudishe kwanza kwa mbegu. Nami naona hao wawili, safari hii, wanasema kitu kimoja.