Nyota ndogo na kilo za mama mdogo

Niko Tukuyu kwa siku chache. Mvua ni ile ile, ndizi ni zile zile, na Mlima Rungwe umejificha mawinguni kama kawaida yake. Leo siandiki siasa. Naandika kuhusu programu za kompyuta, na sababu ni mama yangu mdogo.

Yeye ni mkulima mdogo wa chai. Kila akichuma, majani mabichi yanapimwa, kilo zinaandikwa, na mwisho wa mwezi analipwa jumla. Mwezi mmoja wa mvua alipima mara tano: kilo 12, 9, 15, 7 na 11. Hiyo ni 54. Malipo yakaja ya kilo 43! Kumbe programu iliyopiga hesabu ilitengenezewa nafasi nne tu. Alilipwa kilo 11 zake baadaye, kwa sababu alikuwa ametunza vikaratasi vyote vitano. Akaniuliza: "Mwanangu, kwani mvua nayo inajua kuwa nafasi ni nne?"

Swali zuri. Fankisheni ni kipande cha programu kinachopokea vitu na kurudisha jibu. Ukikiandikia nafasi nne, kinajua nne. Lakini kuna fankisheni zinazopokea idadi yoyote. Katika Python, lugha ya Guido van Rossum iliyotoka mwaka 1991, unaweka nyota tu: jumla(*kilo). Leta kilo mara mbili, leta mara ishirini, zote zinaingia kapu moja. Java ilipata njia yake ya kufanya hivyo mwaka 2004.

Sasa msidhani nyota inamaliza kazi. Kwanza, "idadi yoyote" ni pamoja na sifuri. Mkulima aliyeuguliwa hakupima hata mara moja. Jumla yake ni 0, sawa. Ila ukitafuta wastani kwa kugawa jumla kwa idadi, unagawa kwa sifuri na programu inakufa. Dawa yake ni kuuliza kwanza kama kapu lina kitu.

Pili, bei. Ukiitupa bei ndani ya kapu lile lile, kompyuta itaijumlisha kama kilo. Ndiyo maana Python inakutaka utaje jina la kitu kinachokuja baada ya nyota: malipo(12, 9, bei=300). Hiyo 300 ni mfano tu, msije mkanishika shati!

Lugha ya C ya Dennis Ritchie, ya miaka ya 1970, haikubembelezi hivyo. Fankisheni yake ya printf haihesabu ulichoipa, inaamini maelezo yako. Ukisema unaleta vitu vitatu ukaleta viwili, inaweza kuchota takataka kwenye memori na kukuandikia kama jibu.

Linaloniudhi ni kwamba nyota ile ni alama moja tu kwenye kibodi. Aliyeweka nafasi nne hakuwa mwizi. Nadhani alikaa ofisini akaona nne zinatosha, bila kumuuliza anayechuma masika. Lakini kilo 11 ni kilo 11, ziwe zimeibwa au zimesahauliwa.

Mama mdogo ana tabia ya kutunza karatasi. Je, wale wanaowashia moto vikaratasi vyao, nani aliwahesabia?