MTUMBWI NAO UNATAKA NYUMBA

Mkulima akishavuna mahindi hayaachi shambani. Huyaanika, huyapukuchua, kisha huyaweka ghalani. Ghala lina paa. Lina miguu ya kuliinua kutoka ardhini. Lina nafasi ya kupitisha hewa. Kila mtu anajua sababu. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na mahindi yaliyolala chini huliwa na wadudu.

Sasa nenda kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria. Utaona mitumbwi imelala mchangani, juani na mvuani, wazi kama bakuli. Mtumbwi mmoja wa mbao una thamani kuliko mahindi ya kaya nzima. Lakini mahindi yana nyumba, mtumbwi hauna.

Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na umri wangu umepita miaka arobaini. Sikusomea uvuvi. Lakini katika vijiji vya kando ya ziwa mkulima na mvuvi ni mtu mmoja. Asubuhi yuko kwenye mihogo, usiku yuko kwenye dagaa. Kwa hiyo watu huniita hata kwa mambo ya mitumbwi.

Siku moja niliitwa na kikundi cha akina mama kumi na wawili. Walikuwa wamenunua mtumbwi wa dagaa kwa akiba yao ya miaka minne. Ulikuwa umepita masika matatu tu. Fundi alikuwa amewaambia kwamba hautengenezeki tena.

Mwenyekiti wao akanipa kisu. "Bwana shamba, hebu choma hapa," akaniambia. Nikachoma ubao karibu na mkuku. Kisu kiliingia kama kwenye papai lililoiva. Kwa nje ubao ulikuwa na rangi yake nzuri. Kwa ndani ulikuwa unga.

Mama mmoja akasema: "Ziwa halikutuibia kitu. Mtumbwi wetu umekufa nchi kavu."

Neno lile lilinifanya nitafute kujua watu wa nchi nyingine wanatunzaje vyombo vyao.

KWA NINI UBAO HUOZA

Ukungu unaokula mbao unataka maji na hewa pamoja. Ubao mkavu, wenye unyevu chini ya asilimia 20, hauozi. Ubao uliozama majini siku zote, mahali ambapo hewa haifiki, nao hukaa miaka mingi. Unaooza upesi ni ule wa katikati, ambao haukauki vizuri wala hauzami.

Mtumbwi wa mchangani uko hivyo hivyo. Mvua hujaza tumbo lake, na maji hutuama karibu na mkuku. Jua hupasua mbao za juu. Pamba iliyozibwa kwenye maungio hulegea na kutoka. Kisha mvua nyingine hupita katika nyufa hizo. Huku chini mchwa nao wanapanda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

WENZETU WALIFANYA NINI

Wagiriki wa zamani walilijua jambo hili. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, mji wa Athens ulikuwa na mabanda 372 ya merikebu za vita katika bandari tatu za Piraeus. Merikebu moja ilikuwa na wapiga makasia 170. Mbao zake zilikuwa nyepesi ili ikimbie. Ikikaa sana majini ilikunywa maji ikawa nzito, na wadudu wa baharini waliitoboa. Kwa hiyo iliporudi ilivutwa hadi nchi kavu, chini ya paa.

Katika maji baridi ya ziwa letu wadudu wale wa baharini hawapo. Lakini mabaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi wanawajua. Ndiyo maana hupaka deheni chini ya majahazi.

Huko New Zealand, Wamaori wana mtumbwi mkubwa wa vita uliochongwa kwa ajili ya sherehe za mwaka 1940. Una urefu wa zaidi ya mita 35, nao hulala chini ya paa lake huko Waitangi. Ukiwa mkavu una uzito wa tani 6 hivi. Ukishalowa, uzito huo hufika mara mbili. Hebu fikiri, ndugu msomaji, jinsi mti unavyoweza kunywa maji.

Norwei ni nchi ya baridi na mvua nyingi. Wakulima wa pwani yake zamani walikuwa wavuvi pia, kama sisi. Tangu kale hujenga nyumba za mashua kando ya maji. Nyingi huachwa na nafasi kati ya mbao za kuta ili upepo upite. Zaidi ya miaka 700 iliyopita, sheria ya magharibi ya nchi hiyo iliwataka wakulima wa kila eneo wawe na merikebu ya ulinzi. Merikebu ilikuwa ya wote, na nyumba yake ilikuwa ya wote. Kila mtu alikuwa na sehemu yake ya kazi.

Huko Japani kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ine. Kando ya ghuba yake ziko nyumba za mashua zipatazo 230. Zimejengwa ukingoni kabisa mwa bahari. Mashua huingia chini ya nyumba kama ng'ombe anavyoingia zizini. Juu kuna chumba cha nyavu na vifaa. Siku hizi mashua nyingi za injini ni kubwa, haziwezi kuingia. Nyumba kadhaa zimegeuzwa kuwa za kulaza wageni, nazo zinawapatia wenyeji fedha.

SISI TUFANYEJE

Hatuwezi kuiga kila kitu. Ine wanaweza kujenga majini kwa sababu bahari yao hupanda na kushuka kidogo sana, kiasi cha nusu mita. Ziwa letu halina desturi hiyo ya utulivu. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita alama ya mwaka 1964. Watu wengi wa kando ya ziwa waliingiliwa na maji nyumbani.

Tena kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo usijenge kwa saruji. Kabla ya kusimamisha hata nguzo moja, nenda kwanza kwa serikali ya kijiji na kwa afisa uvuvi. Wao watakuonyesha mahali.

Banda lenyewe si kazi kubwa. Nguzo sita, paa la nyasi au makuti, pande zote wazi ili upepo upite. Laza mtumbwi juu ya magogo, usiguse ardhi. Toa maji yote. Kama ni mdogo, ufunike kifudifudi. Usirundike nyavu mbichi ndani yake. Kila wiki angalia magogo kama yana njia za mchwa. Na kama mtumbwi umekaa kavu muda mrefu, uloweshe kwanza ili mbao zivimbe na maungio yafunge, ndipo uende kuvua.

Akina mama wale wamenunua mtumbwi wa pili, na safari hii walijenga banda kabla mtumbwi haujafika. Haikuwa rahisi. Wengine walisema nguzo ni gharama bure. Wengine waliuliza nani atakata nyasi, na nani atavuta mtumbwi usiku wa mvua. Walibishana mikutano mitatu. Mwisho waliandika zamu katika daftari, na asiyekuja hulipa faini. Mtumbwi huo umekwisha kupita masika manne. Mwezi uliopita nilichoma ubao wake kwa kisu kile kile. Kisu hakikuingia.

Ndugu msomaji, iko mitumbwi iliyo mali ya vikundi. Mali ya wengi mara nyingi hukosa wa kuifunika mvua inaponyesha. Katika mkutano wenu ujao msiulize tu dagaa wameuzwa kiasi gani. Ulizeni pia mtumbwi unalala wapi, na zamu ya leo ni ya nani.