Plastiki Haiharakishwi

Polipropilini ikitoka kwenye oveni, ikiwa na joto la takriban nyuzi 180, hulegea na kukubali kila unachokitaka. Tunaifunika juu ya umbo la plasta lililochongwa kwa mfano wa kigutu, tunabana kingo zake kwa nyuma, kisha pampu inanyonya hewa mpaka plastiki inase kila bonde. Anayetazama ataona soketi ya kiungo bandia imekwisha. Fundi anajua kwamba sasa inatakiwa iachwe, na kuacha ni kazi.

Plastiki hii inapopoa, molekuli zake hujipanga na kusongamana, nayo hupungua kwa karibu asilimia 1 hadi 2. Kwa kusikia ni kidogo. Lakini kwenye kigutu chenye mzunguko wa sentimita 30, asilimia 2 ni milimita 6, na palipo na mfupa chini ya ngozi nyembamba, hizo ni vidonda. Plasta ikibaki ndani, plastiki hupoa ikiwa imeshikwa. Ukiivunja plasta mapema, plastiki inajipinda itakavyo. Ndiyo maana tunailaza usiku kucha.

Mzee mmoja aliyekuja kutoka mbali aliniambia jioni, "Mwanangu, si imeshapoa hiyo? Nipe niende zangu."

"Bado, baba. Juu imepoa, ndani ina moto."

Akacheka. "Basi ni kama mimi na ndugu zangu tulivyopatanishwa kwa siku moja."

Alilielewa somo kuliko nilivyowahi kulieleza. Wengi wetu tunapeana mikono hasira ikiwa imepoa juu tu, kisha tunashangaa mambo yakipinda.

Kusubiri peke yake hakutoshi, maana hata ukisubiri, plastiki itapungua tu. Kwa hiyo tunaongeza plasta kidogo pale mfupa unapojitokeza, ili nafasi iwepo kabla haijahitajika. Huko si kuishuku plastiki, ni kuijua tabia yake.

Kigutu nacho hupungua, hasa miezi ya mwanzo baada ya kukatwa, ila chenyewe hakina asilimia ya kukadiria. Leo mgonjwa anavaa soksi moja juu ya kigutu, baadaye mbili, halafu anarudi kupimwa upya. Plastiki naiwekea hesabu, mwili nauwekea tarehe ya kurudi.

Kinachonipa moyo ni kwamba polipropilini haikatai kurekebishwa. Mahali panapobana ukipapasha moto tena, pataachia. Kwa hiyo siku hizi nikifunga makubaliano na mtu, ya kazi au ya nyumbani, nauliza mambo mawili: kipi tunajua kitapungua, tukiachie nafasi mapema, na lini tutakaa tena kuangalia yale ambayo hakuna anayeweza kuyajua leo. Asiyetaka kujibu la pili huwa namwogopa kidogo, hata akiwa na maneno matamu.