Taya Langu na Dawa Niliyoiacha Njiani

Mimi ni mkulima wa upande wa Makueni, karibu na mto Athi unaotutenga na ndugu zetu wa Kitui. Naomba wasomaji wanivumilie niwaeleze habari za taya langu.

Taabu ilianzia katika gego la chini. Januari 2018, wakati wa kuvuna ndengu, liliniuma hata nisilale. Badala ya kwenda kung'olewa, nikanunua vidonge dukani. Siku ya nne uvimbe ukashuka, nami nikaviweka vilivyosalia juu ya kabati, nikijiona mtu mwenye akiba! Uvimbe ukarudi, nikameza vile vya akiba. Ukarudi tena. Mwishowe ngozi chini ya taya ikatoboka kitundu, usaha ukawa ukitoka kwa harufu mbaya, na kanisani nikawa nakaa kiti cha nyuma, nimejifunga kitambaa shingoni.

Mwezi wa Septemba shemeji yangu wa Kitui alikuja, akanitazama mara moja tu. "Shemeji," akasema, "hilo si jino tena, ni mfupa." Akanichukua kwao hospitalini.

Daktari wa meno alinionyesha picha ya eksirei. Mfupa wa taya ya chini, alisema, hupata damu kidogo kuliko wa juu, na kipande kilichokufa hakipati kabisa. Dawa husafiri katika damu. "Basi, mzee, itafikaje huko?" Akaling'oa gego, akatoa kipande cha mfupa kiasi cha punje ya mbaazi, na usaha akaupeleka kupimwa ili ajulikane mdudu na dawa imwuayo. Nikapewa klindamaisini, ambayo hupenya vizuri katika mfupa, mara nne kwa siku kwa wiki sita. Akanionya pia kwamba nikiharisha sana nirudi upesi, maana dawa hiyo yaweza kudhuru matumbo.

Wiki sita! Nadhani sisi tumezoeshwa vibaya na sifa za penisilini. Miaka ya 1950, katika nchi nyingi za joto, ugonjwa wa buba ulitibiwa kwa sindano moja tu, na tangu hapo kila mtu angependa kupona kwa sindano moja. Mfupa haufuati desturi hiyo.

Wiki ya tatu kitundu kilikauka. Maumivu hayakuwapo, mvua ya Oktoba ilikuwa karibu, na vidonge vilinichafua tumbo kidogo. Nikakiweka kichupa juu ya kabati, pale pale pa zamani. Mke wangu alikishusha bila kusema neno, na tangu siku hiyo akawa ananihesabia kidonge kimoja kimoja kiganjani, akisimama mpaka nimeze. Nilikasirika, nikameza.

Kovu lipo hata leo, na ndevu haziotі mahali pale. Shemeji akija na nyama ya mbuzi, natafuna kwa upande wa kushoto.