Bao la Masafa



Katika wiki hizi za likizo akina mama kadhaa wametufikishia swali moja kwa maneno mbalimbali: watoto wanamaliza bando kwa michezo ya simu, je, tuwakataze kabisa au tuwaachie? Kabla ya kulijibu tumeona tusimulie yaliyotupata sisi wenyewe, kwani katika jambo hili tuliwahi kuwa wanafunzi, na mwalimu wetu alikuwa binti yetu kitinda mimba, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Wakati huo tulikuwa Busia, katika nchi ya Bukhayo, mpakani mwa Uganda, tukisomesha madrasa. Jamaa zetu walikuwa Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 900. Desturi yetu ilikuwa kurudi nyumbani kila mwisho wa Shaaban ili tufunge pamoja na watoto. Ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule na madrasa zikafungwa kwa sababu ya korona, kisha tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa. Ramadhani ikatukuta Busia, peke yetu, katika chumba kimoja, na amri ya kutotoka nje usiku. Kwa kuwa riziki ya mwalimu wa madrasa ni ada ya wanafunzi, madrasa ilipofungwa nayo riziki ilisimama. Tukajipangia shilingi mia moja za bando kwa wiki, tusizidishe.

Siku moja mwanetu alituletea mwaliko wa kucheza naye ludo kwenye simu, mchezo ambao watu wengi duniani waliukimbilia mwaka ule walipofungiwa majumbani. Sisi, badala ya kumjibu, tulimhubiria. Tulimwandikia ujumbe mrefu juu ya dadu, tukamkumbusha kuwa bando ni mali na mali ina hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Alijibu neno moja: "Sawa." Baada ya hapo siku ya kwanza ikapita bila salamu yake, na ya pili, na ya tatu.

Siku ya nne mama yake akatupigia. Baada ya salamu alisema kwa upole, "Bwana, mtoto hakuomba fatwa. Aliomba baba yake."

Neno hilo lilituchoma. Tukaifungua simu yetu tuangalie bando letu hasa lilikuwa likienda wapi, maana tulijidai wabanaji. Simu za siku hizi huonyesha kila programu imekula kiasi gani. Tulikuta kwamba sehemu kubwa ilikuwa imeliwa na video za makundi, zilizojipakua zenyewe bila sisi kuzifungua: mawaidha yaliyokwisha kupita mara tano, habari za korona zisizo na msingi, na picha za watu tusiowajua. Tulimnyima mwanetu robo saa, na wageni tusiowaalika wakala bando la wiki. Siku hiyo hiyo tuliifunga njia hiyo, picha na video zisijipakue mpaka tuziruhusu.

Kisha tukamwandikia: "Ludo hatuchezi. Lakini bao je? Bao la babu yako bado liko hapo nyumbani, na sisi tunalo letu huku."

Jawabu lilikuja kabla hatujaiweka simu chini.

Mwanzo tulijaribu kwa video, kila mmoja akielekeza simu kwenye bao lake. Haikudumu. Video hula megabaiti kadhaa kila dakika, na kabla hatujamaliza kunamua, picha iliganda, bando likaisha, na kete zikabaki mashimoni zikimsubiri mwenyewe. Mwanetu ndiye aliyepata dawa. Alisema tuandikiane. Safu ya mbele tuliipa herufi A, ya nyuma B, na mashimo tukayahesabu moja hadi nane kuanzia kushoto kwa mchezaji. Akitaka kunamua katika shimo la tatu na kula kuelekea kushoto, huandika: "A3 kushoto." Sisi tunazitembeza kete zake na zetu katika bao lililo mbele yetu, naye anafanya vivyo hivyo kwake. Mabao mawili, kete sitini na nne kila moja, yanakwenda kwa mwendo mmoja, moja Mombasa na moja Busia. Ujumbe wa maandishi ni kitu chepesi mno, hata mchezo mzima ulikula data ndogo kuliko dakika moja ya video.

Tukawa tunacheza kila usiku baada ya tarawehe tulizoziswali majumbani. Aliyezaliwa na bao anajua kwamba mchezo huu unafichua tabia. Tuligundua kuwa mwanetu ni msubirifu. Hakuwa na pupa ya kula, alikuwa tayari kutakata mara tatu ili aje kula mara moja iliyo nzito. Miaka yote tuliyoishi naye wakati wa likizo hatukuijua sifa hiyo yake.

Usiku mmoja alituandikia hatua yake na hatukuweza kumjibu. Nyumba yetu ilikuwa karibu na mpaka, na simu huko huweza kushika minara ya upande wa pili bila mwenyewe kujua. Tulipokuja kutahamaki, salio lilikuwa limemalizika kwa bei ya ugenini. Alikaa akisubiri hadi daku akidhani tumekasirika. Kesho yake tuliiweka simu ishike mtandao wa Kenya peke yake, na tukakubaliana: asiyejibu kwa dakika kumi, adhaniwe kheri.

Lakini kudhania kheri ni rahisi kuandika kuliko kutenda. Haukupita muda, sisi wenyewe tuliokuwa wa kwanza kuandika sharti hilo tukalivunja.

Ilikuwa katika kumi la mwisho. Mchezo ulikuwa mkali, kete zote zimekwisha kuingia baoni na tumefika mtaji. Akatuletea hatua iliyokuja kutua mbele ya nyumba yetu, na chini yake akaandika kwa furaha: "Nyumba imeliwa, Baba! Kete kumi na mbili!" Tukahesabu kwetu: kumi na moja. Tofauti ya kete moja katika bao si ndogo, kwa sababu huko iendako hubadilisha shimo la kumalizia, na shimo la kumalizia hubadilisha mchezo. Kwa kumi na moja, sisi tulikuwa salama.

Tukamwandikia ahesabu tena. Akajibu, "Nimehesabu mara tatu, Baba. Ni kumi na mbili." Hapo tukaandika maneno ambayo tukiyakumbuka hadi leo tunaona haya: "Usimdanganye babako kwa ajili ya mchezo, na huu mwezi wa Ramadhani."

Alichelewa kidogo, kisha akaandika, "Basi chukua kete yako, Baba. Mimi nalala."

Tulilala tukijiona tumelea. Alfajiri, baada ya kuswali, tuliukunja msala, na chini ya ukingo wake likajiviringisha komwe moja la kijivu. Tukazihesabu kete zilizo baoni: sitini na tatu. Ile ya sitini na nne ilikuwa imetuchungulia usiku kucha tulipokuwa tukisujudu.

Ndugu zetu wasomaji, tumesimama juu ya mimbari miaka mingi na tumewahimiza watu waombane radhi. Asubuhi ile tulijua uzito wake. Nafsi ilituambia mambo mengi: kwamba ni mchezo tu, kwamba mtoto atakuwa amesahau, kwamba mzazi akimwomba radhi mwanawe heshima hupungua. Tukachukua shilingi zilizobaki, tukazinunulia muda wa maongezi, tukampigia kwa sauti, kwani radhi hatukuona inafaa kuombwa kwa maandishi.

Tulimwambia, "Mwanangu, ulisema kweli. Kete ilikuwa chini ya msala wangu. Nimekudhulumu, nisamehe."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nyumba yako imeliwa?"

"Imeliwa."

Akacheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu Shaaban, akaita, "Mama! Nyumba ya Baba imeliwa!" Salio likakatika tukimsikiliza.

Mwezi wa Mei mwaka ule foleni za malori zilikuwa ndefu mno Malaba na Busia, madereva wakisubiri vipimo vya korona kwa siku nyingi. Wengi wao ni watu wa kwetu pwani. Mmoja alitulalamikia kuwa bando lake linaisha kwa michezo ya kujiliwaza na video, na akimpigia mkewe hana la kusema. Tukamweleza habari ya bao letu. Alikata boksi, akachora dama, akaokota vifuniko vya soda, akamtumia mwanawe aliyeko Mombasa hatua ya kwanza. Mipaka ya Mombasa ilifunguliwa mwezi wa Julai. Hatukumwona tena, lakini tunaomba kwamba alifika kwake salama na kwamba mwanawe alimpokea akiwa na habari ya kumwambia.

Sasa turudi kwa swali la akina mama. Kwa upande wa sharia, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walipambanua michezo kwa msingi wake. Unaosimama juu ya dadu na bahati wameukataza, kwa kutegemea Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim juu ya nardi, na ludo inaingia hapo. Unaosimama juu ya hesabu na fikra hukumu yake ni nyepesi zaidi. Hata sataranji, ambayo wengine wameiharamisha, Imamu Nawawi aliihesabu kuwa makruhu, na haramu pale inapoingiwa na kamari au inapompitisha mtu wakati wa swala. Kwa hiyo mama amuulize mwanawe mambo matatu: mna pesa ndani yake? Mna dadu? Swala umeiswali? Na ajihadhari hasa na la kwanza, maana kamari siku hizi imejivika nguo za mchezo, na vijana wetu wanaliwa shilingi kumi kumi mpaka wamekuwa watumwa.

Kwa upande wa bando, tunawashauri mambo mepesi. Zuieni video zisijipakue. Wekeni kiwango cha data ambacho simu ikifika ikatike. Mtoto apewe bando lake kwa wiki, alipange mwenyewe, na likiisha lisiongezwe, kwani kupanga kidogo ni mlango wa kujifunza kupanga kikubwa. Mchezo unaoweza kuchezwa bila intaneti uchezwe bila intaneti, na bao, dama na karatasi zirudishwe sebuleni.

Lakini lililo kubwa kuliko yote hayo tunawaambia akina baba, hasa sisi tulio mbali na majumba yetu, kama tuko Busia, Muscat au baharini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, naye alikuwa na umma mzima mabegani mwake. Mtoto akikuletea mwaliko wa mchezo, hata mchezo wenyewe ukiwa haufai, usimrudishe mikono mitupu. Mtafutie ulio halali, ukacheze naye.

Mwanetu sasa ni msichana mkubwa, na ana masomo yaliyomshughulisha. Lile komwe hatukulirudisha mfukoni pamoja na wenzake. Tumeliweka ndani ya kibweta cha tasbihi, na kila tunapoitoa tasbihi hulikuta limetangulia. Baoni tumetia jengine mahali pake, na siku za Ijumaa, baada ya Isha, simu yetu bado hulia mara moja: "A5 kulia, Baba. Usipoteze kete."

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, abariki muda wetu na mali zetu, na awakutanishe waliotengana. Amin.